Je, Wajua? Kimelea cha malaria hutuma vifurushi vya DNA

Malaria inayowasumbua watoto wa Kibombo, Maniema, husababishwa hasa na kimelea Plasmodium falciparum. Ndani ya saa 12 baada ya kuvamiwa, chembe nyekundu ya damu huanza kutoa vifuko vidogo mno vyenye DNA. Chembe hiyo iliyokomaa haina kiini, kwa hiyo DNA hiyo ni ya kimelea. Mtu aweza kudai ni takataka za chembe iliyopasuka, lakini wakati huo chembe bado ni nzima. Tena, majaribio yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha vimelea vikipitishiana jeni ya usugu kupitia vifuko hivyo, na vilivyoipokea vikastahimili dawa. Ni kweli jeni hiyo ilipandikizwa maabara. Hata hivyo, njia iliyoisafirisha ni ya kimelea chenyewe, na yastahili kuchunguzwa na kila anayetafuta tiba.