Gemu Laki Tisa Ndani ya Kisanduku Kimoja

Kisanduku kilikuwa na picha ya Mario upande mmoja, upande wa pili mwanamieleka, na katikati namba nyekundu: 999,999. Mpwa wangu aliisoma tarakimu mojamoja, kisha akanitazama. "Abti, zote hizi tutazimaliza lini?"

Nilikinunua Soko Mugdi, hapa Garissa. Mugdi kwa Kisomali ni giza, na siku hiyo jina lilistahili. Muuzaji mwenyewe hakutamka uongo wowote. Kisanduku ndicho kilichomsemea.

Tuliketi mkekani tukahesabu. Hadi namba 41 kila gemu ilikuwa mpya. Ya 42 ilikuwa ileile ya kwanza, ila imeanzia hatua ya tatu. Ya 43 ni hiyohiyo tena, mchezaji kaongezewa roho. Kutoka hapo orodha inazunguka kama ngamia wa kinu cha ufuta: mwendo mrefu, safari hakuna.

Ukikifungua kidude chenyewe, unakuta kibao chembamba cha saketi na tone la gundi nyeusi lililofunika chipu. Chini ya tone hilo mna nakala ya Famicom, mashine ambayo Nintendo iliitoa Japani Julai 1983. Nakala hizo zimezunguka dunia kwa majina kama Terminator, Ending-Man na Micro Genius, na wengi wetu tulimjua Mario kwa mlango huo wa nyuma. Njia ya mali kama hii tunaijua. Somalia ilipovunjika mwaka 1991, wakimbizi walipanga vyumba katika Garissa Lodge, kule Eastleigh, wakawa wanauzia humohumo bidhaa za Dubai, hadi nyumba ya wageni ikageuka jengo la maduka. Jina la mji wetu likawa jina la biashara.

Je, ni wizi? Nusu. Hataza za mashine ya Famicom zilikwisha muda wake zamani, kwa hiyo kuunda inayofanana nayo si kosa. Gemu ni jambo jingine. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huihesabu programu ya kompyuta kama kazi ya fasihi, inayolindwa hadi miaka 50 baada ya mtunzi kufa, na Shigeru Miyamoto, aliyembuni Mario, yu hai.

Hata hivyo, nikisema kweli, uchungu wangu hauko kwa Nintendo. Mwaka 2023 shirika la Marekani linalohifadhi historia ya gemu, Video Game History Foundation, lilionyesha kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotolewa nchini humo hazipatikani tena madukani. Kama mtu wa Chicago hapati pa kuzinunua kihalali, wa Garissa atazipata wapi? Wanaonisikitisha zaidi ni waliojitolea. Snes9x, programu inayoiga mashine ya Super Nintendo, hutolewa bure kwa sharti kwamba isitumiwe kibiashara. Nayo imeshatiwa ndani ya vidude vingi vya mkononi vinavyouzwa. Hao hawana mawakili kama wa Nintendo.

Kuna neno tunalolisikia kila siku kwenye habari: bidhaa ghushi. Tumelizoea hadi tunadhani maana yake ni nakala tu. Ghushi ni kuficha. Fiqhi ya biashara humtaka muuzaji aonyeshe aibu ya mali yake kabla ya kupokea pesa, na kwa kipimo hicho nakala ya Mario inanisumbua kidogo kuliko zile tisa sita zilizopangwa kwa ajili ya macho ya mtoto. Wakubwa nao hawajatakasika: Sony ilipotoa PlayStation Classic Desemba 2018, gemu tisa kati ya 20 zilikuwa matoleo ya Ulaya yanayokwenda kwa mwendo wa kukokota.

Halafu kuna adapta. Yangu ilikuwa nyepesi kama kiberiti, haina alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na ina miguu miwili. Unajua tunavyofanya: unasukuma kalamu kwenye tundu la juu la soketi, miguu inaingia. Kwa joto letu, nusu saa baadaye plastiki ilinuka. Nikaichomoa, nikatafuta nyingine. Mtoto aliye peke yake nyumbani asingeichomoa; angekuwa hatua ya nane.

Jioni mpwa wangu alitoa bunduki ya plastiki, ya kuwinda bata. Alifyatua, bata wakaruka zao. Akasogea hadi pua ikakaribia kugusa kioo, bado. Nilimweleza kwamba bunduki ile hutegemea mmweko wa runinga za zamani zenye kisogo, na runinga bapa huchelewa kuonyesha picha, hivyo haitapiga kitu hata angekuwa mlengaji wa jeshi.

Alinyamaza. Kisha akachukua kalamu ileile ya soketi, akaikata 999,999 kwa mstari mmoja, akaandika 41. Akafikiri, akaikata tena. "Bata tunawatoa, siyo abti?"

Akaandika 40.