Wajukuu Wanakuja Likizo: Mama, Umeweka Nini Sandukuni?

Desemba ikikaribia, na tena shule za Ulaya zinapofungwa katikati ya mwaka, familia nyingi zenye asili ya hapa kwetu zinazoishi Uingereza, Ujerumani, Uholanzi na kwingineko hujiandaa kuja nyumbani. Babu na bibi wanahesabu siku. Kuku wameshachaguliwa. Huko ng'ambo nako mama yuko sakafuni amezungukwa na masanduku, akipima na kupunguza, kwa sababu mashirika mengi ya ndege humruhusu msafiri begi la kilo 23 tu, na orodha ya zawadi haina mwisho.

Msomaji mpendwa, tatizo la sanduku hilo huwa ni vitu vilivyosahauliwa kuliko vilivyozidi. Viatu vya shangazi vimo, mashuka ya bibi yamo, manukato ya wifi yamo. Lakini kinga ya mtoto dhidi ya malaria haimo. Mama anasema moyoni, "Tunakwenda nyumbani, hatuendi ugenini." Hapo ndipo penye hatari.

Nyumbani kwako ni ugenini kwa mwanao

Wengi wetu tuliokulia Tanga, Mwanza au Kilombero tuliugua malaria tukiwa wadogo, tukapona, tukaugua tena. Kwa njia hiyo ngumu miili yetu ilijenga kinga kiasi. Kinga hiyo hairithiwi kama jina la ukoo. Mtoto aliyezaliwa na kukulia Hamburg au London hana kabisa, hata kama baba na mama wote ni wa Ukerewe. Na mama mwenyewe aliyekaa ng'ambo miaka kadhaa bila kuumwa na mbu wa malaria amepoteza sehemu kubwa ya kinga aliyokuwa nayo.

Ndiyo maana madaktari wa Ulaya wanaona kwamba wengi wa wagonjwa wa malaria wanaowapokea ni wenyeji wa Afrika waliotoka kuwasalimia ndugu, kuliko watalii. Mtalii huogopa, hivyo hujikinga. Mwenyeji haogopi.

Malaria iliyoenea kwetu ndiyo ile kali kuliko zote. Kwa mtoto asiye na kinga, homa ya jioni inaweza kuwa degedege au kupoteza fahamu kesho yake. Wajawazito wamo hatarini zaidi, kwa sababu malaria huweza kuharibu mimba au kusababisha mtoto kuzaliwa kabla ya wakati. Mtoto mwenye selimundu naye anahitaji uangalizi wa pekee. Kama wewe ni mjamzito na safari yako inaweza kusubiri, zungumza na daktari wako juu ya kuiahirisha.

Anza na daktari kabla ya duka

Wiki sita kabla ya safari, wapeleke watoto wote kliniki. Chukua kadi zao za chanjo. Uliza kama chanjo za surua na polio zimekamilika, na kama wanahitaji chanjo za homa ya matumbo na homa ya ini. Nchi nyingi za Ulaya hazichanji watoto wote dhidi ya kifua kikuu kama tunavyofanya hapa mtoto anapozaliwa, kwa hiyo uliza na hilo.

Kuhusu homa ya manjano, Tanzania hudai cheti kwa msafiri anayetoka katika nchi yenye ugonjwa huo, au aliyesubiri ndege humo kwa zaidi ya saa 12. Angalia basi tikiti yako inapitia wapi, kwani Kenya na Ethiopia zimo katika orodha hiyo. Chanjo hiyo ichomwe angalau siku kumi kabla ya kusafiri. Tangu Julai 2016 cheti chake kinatumika maisha yote, hivyo cha zamani usikitupe.

Kisha omba dawa za kuzuia malaria. Ziko za aina mbalimbali:

- Atovakuoni pamoja na proguanili humezwa kila siku, kuanzia siku moja au mbili kabla ya kufika hadi siku saba baada ya kuondoka.
- Meflokwini humezwa mara moja kwa wiki. Huanza wiki mbili au tatu kabla ya safari na kuendelea wiki nne baada ya kurudi. Haiwafai wenye kifafa au waliowahi kuugua akili.
- Doksisaiklini humezwa kila siku, na kuendelea wiki nne baada ya kurudi. Haiwafai wajawazito wala watoto wadogo.

Daktari ndiye atakayechagua, na kipimo cha mtoto hutegemea uzito wake. Usimkatie nusu ya kidonge chako kwa kukisia. Wala usitegemee klorokwini uliyomeza utotoni. Vijidudu vya malaria viliizoea, na Tanzania iliiacha kama dawa ya kwanza ya malaria tangu mwaka 2001.

Mkoba wa mkononi

Mabegi makubwa huweza kuchelewa siku mbili njiani. Kwa hiyo vitu hivi visikuache:

- Pasi za kusafiria zenye muda wa miezi sita au zaidi, viza za watoto wenye pasi za kigeni, kadi za chanjo na nakala za hati zote. Kama unasafiri na watoto bila baba yao, chukua barua yake ya ridhaa.
- Dawa zote za familia, katika paketi zake zenye majina, pamoja na cheti cha daktari. Dawa za pumu, kisukari, presha na selimundu ziwe za kutosha siku zote za likizo na wiki moja zaidi.
- Nguo za kubadili za kila mtoto, nepi za siku mbili, na kanga mbili. Kanga ni blanketi, ni pazia la kunyonyeshea, ni shuka, ni mbeleko. Hakuna kitu chepesi kinachofanya kazi nyingi hivyo.
- Betri za akiba za kuchajia simu. Hizi haziruhusiwi katika begi la chini ya ndege.

Kama mtoto ananyonya, mwendelezee maziwa ya mama. Ni safi, hayahitaji kuchemshwa, na katika joto humtosheleza pia kwa kiu, mradi hajafikisha miezi sita.

Sanduku la dawa

Tafuta kikebe kigumu chenye mfuniko, ukiweke mbali na mikono ya watoto. Ndani yake weka:

- Kipimajoto. Mkono wa mama unajua mengi, lakini daktari atauliza nambari.
- Parasetamo ya watoto. Aspirini usimpe mtoto. Na kama kuna homa ya dengi mjini, kama ilivyotokea Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, aspirini na ibuprofeni huweza kuzidisha hatari ya kutokwa na damu.
- Paketi za chumvichumvi za kuhara, yaani ORS, pamoja na vidonge vya zinki. Zikikuishia, chukua lita moja ya maji safi, vijiko vya chai sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chumvi. Koroga, mpe kidogo kidogo, na usiache kumnyonyesha.
- Plasta, bandeji, dawa ya kusafishia vidonda, kibano cha kutolea miiba, na krimu ya kutuliza mwasho.
- Dawa ya kupaka ya kufukuza mbu yenye DEET. Soma maandishi yake kujua umri unaofaa, na usimpake mtoto wa chini ya miezi miwili. Mpake sehemu zilizo wazi, usimpake viganjani, kwani atajipangusa macho. Kama unapaka na mafuta ya kukinga jua, yaanze hayo, kisha dawa ya mbu.

Je, chandarua? Chandarua chenye dawa kinapatikana hapa kwa bei nafuu, na bibi anaweza kukinunua kabla hamjafika. Lakini kama mtalala njiani, beba kimoja chepesi kwa usiku wa kwanza. Mbu wa malaria huuma usiku, na hajui kwamba umechoka na safari.

Nguo: nchi ya joto si joto kila mahali

Akina mama wengi hufungasha vikaptula na fulana tupu. Kwa Dar es Salaam au Tanga ya Januari ni sawa. Lakini kama bibi yuko Makete au Njombe na mnakuja Julai, umande huweza kuganda alfajiri, na mtoto atatetemeka. Lushoto, Arusha na Moshi nako usiku kuna baridi katika miezi hiyo. Kila mmoja awe na sweta, soksi na suruali ndefu.

Na usijidanganye kwamba kwa kuwa kijiji chenu kiko milimani basi dawa za malaria hazina kazi. Mbu wa malaria ni wachache kwenye baridi kali, ni kweli. Lakini mtalala Dar es Salaam mkifika, mtapita Morogoro kwa basi, na mtalala tena pwani siku ya kurudi.

Chagua pamba nyepesi, yenye mikono mirefu ya kuvaa kuanzia jioni. Rangi nyeusi na buluu iliyoiva huvutia mbung'o, kwa hiyo mkienda mbugani vaeni rangi za vumbi. Nguo zenye mabaka kama za jeshi ziache, kwani Tanzania raia haruhusiwi kuzivaa. Weka gauni la heshima na suruali nzuri ya mtoto kwa ajili ya ibada ya Jumapili, maana bibi atataka kuwaonyesha wajukuu zake kwa kanisa zima. Ukipita Zanzibar, nguo za kufunika mabega na magoti zitakupa amani.

Viatu vya kufunika vidole ni lazima, kwa ajili ya funza, miiba na vipande vya chupa. Kandambili ziwe za kuogea. Na nguo zote zilizoanikwa nje zipigwe pasi, pamoja na nepi za kitambaa, kwani kuna inzi ataguye mayai katika nguo mbichi, na funza wake huingia katika ngozi ya mtoto.

Kofia pana na mafuta ya kukinga jua ya nguvu 30 au zaidi yanafaa kwa watoto. Kama katika ukoo wenu kuna mtoto mwenye ualbino, mletee chupa mbili tatu za mafuta hayo. Moshi hutengenezwa mafuta ya Kilisun kwa ajili ya ndugu zetu hawa, lakini hayamfikii kila mmoja kijijini. Chupa moja ya mafuta itamfaa kuliko kilo nzima ya chokoleti, ambayo itayeyuka kabla ya Chalinze.

Vya kuacha

Mifuko ya plastiki ya kubebea iache huko huko. Kenya iliipiga marufuku tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Funga zawadi kwa kanga au vitambaa. Vifaa vya umeme vya nywele navyo vifikirie mara mbili, kwani soketi zetu ni za matundu matatu bapa na umeme hukatika. Tochi nzuri ina faida zaidi.

Na wewe bibi unayengoja

Maandalizi hayako ng'ambo tu. Tega chandarua juu ya kila kitanda cha wageni, ukiangalie matundu. Chemsha maji ya kunywa, uyafunike. Mwaga maji yaliyotuama kwenye makopo na matairi, kwani mbu wa dengi huzaliana humo na huuma mchana. Wakataze wajukuu kuoga ziwani au mtoni penye kichocho, hata kama baba yao alijifunza kuogelea papo hapo.

Na mama, ukimwona mkwe wako akimpa mtoto kidonge kila siku, usimwambie, "Mwanangu, mbona mnamlisha dawa mtoto mzima?" Ndicho kinachomweka mzima. Mjukuu akipata homa, hata kidogo, hata kama alicheza vizuri asubuhi, msimwangalie hadi kesho. Mpelekeni zahanati siku hiyo hiyo. Kipimo cha haraka kinahitaji tone moja la damu ya kidole, na majibu hutoka katika dakika kama 20. Ikionekana ni malaria, dawa ya mseto ianze mara moja na imalizwe yote.

Baada ya kurudi

Likizo ikiisha, dawa za kuzuia malaria haziishi siku hiyo. Endeleeni kumeza kwa siku mlizoandikiwa, hata kama nje kuna theluji. Dawa hizi hupunguza hatari sana, lakini haziondoi kabisa. Malaria huweza kujitokeza wiki moja baada ya kuumwa na mbu, na mara nyingine baada ya miezi.

Kwa hiyo mtoto akipata homa katika miezi mitatu ya kwanza, na hata ndani ya mwaka mmoja, usikubali kuambiwa ni mafua bila kupimwa. Daktari wa huko huenda hajawahi kuona malaria kwa mtoto. Mwambie maneno haya mlangoni, kabla hujakaa kitini: "Tulikuwa Tanzania. Naomba apimwe malaria leo."