Kuvuka Ruvuma na mbwa wa shamba

KWA mfanyabiashara wa mpakani, kuvuka mto Ruvuma na mzigo ni jambo la kawaida. Kuvuka na mbwa ni habari nyingine. Kiangazi kilichopita nilimpeleka mbwa wetu, Simba, kutoka Masasi hadi kwa mjomba wangu, nje kidogo ya mji wa Palma, Cabo Delgado.

Mjomba alikimbia Machi 2021, Palma iliposhambuliwa. Aliporudi alikuta shamba la mihogo limekuwa pori, nyani na nguruwe ndio wenyeji. Mbwa wake wawili hakuwaona tena. Akaomba kitu kimoja tu: mlinzi wa shamba.

Maandalizi yalianza zaidi ya mwezi mmoja kabla. Simba alichanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, nikachukua cheti chake na kibali cha ofisi ya mifugo. Msomaji asidhani karatasi hizo ni urembo. Kwenye vizuizi vya askari, cheti ndicho kilichomaliza maswali.

Tulipita Mangaka hadi Mtambaswala, kwenye Daraja la Umoja lenye urefu wa mita 720, lililofunguliwa Mei 2010. Ng'ambo yake ni Negomano, unapoingia mto Lugenda. Mwaka 2021 maelfu ya waliokimbilia Tanzania walirudishwa Msumbiji kupitia hapo. Mamba wapo, hivyo Simba hakushuka mtoni. Alinywa kwenye sufuria.

Kutoka hapo njia inapanda hadi Mueda, mji unaokumbukwa kwa mauaji ya Juni 16, 1960. Juu ya uwanda ule maji ni ya shida, na kwa miaka mingi akina mama wameyafuata mabondeni. Mwenye mbwa abebe madumu ya kutosha, kwani mnyama huyu hujipoza kwa kuhema, na kiu humchosha upesi.

Baada ya hapo tuliteremka pwani hadi Mocímboa da Praia, mji uliokombolewa Agosti 2021, kisha tukashika njia ya kaskazini kwenda Palma. Tulitembea mchana tu, tukiulizia hali ya njia kila kituo. Tangu Oktoba 2017 mashambulizi yamekuwa yakizuka upya, na aliyepita jana ndiye anayeijua njia ya leo.

Pwani ni nchi ya Waislamu, na mate ya mbwa ni najisi. Hata hivyo wazee walimpokea Simba bila kinyongo, kwa sababu mbwa wa kulinda shamba ameruhusiwa. Sharti lao ni kwamba alale nje ya ua na awe na chombo chake mwenyewe.

Lakini hatari kubwa kuliko najisi ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo hukaa kwenye mate, na dalili zikishajitokeza, kupona ni karibu muhali. Vijiji vilivyohamwa huacha mbwa wasio na mwenyewe wala chanjo, na watoto wa wanaorejea ndio wa kwanza kuwachezea. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha awahi hospitali siku hiyohiyo akapate chanjo. Asingoje kuona kama mbwa atakufa.

Anayerudi nyumbani na mbwa amefanya jambo la maana. Ila amchanje kwanza, ndipo afunge mizigo.