Kadi ya mkopo ina kalenda yake, na zao lako lina yake

Vijana wengi mnaniuliza kama mkulima anafaa kuwa na kadi ya mkopo. Jibu langu: inategemea unazalisha nini.

Kadi nyingi hukupa hadi siku 45 au 50 bila riba, mradi ulipe deni lote kwa tarehe. Ila ukinunua mwishoni mwa mzunguko, unabaki na kama wiki 2 au 3 tu. Kwa hiyo nunua mwanzoni.

Mchicha unavuna ndani ya wiki 4. Kuku wa nyama unauza wiki ya 5 au 6. Hapo kadi inakubeba. Kitunguu je? Miezi 3 hadi 4 baada ya kupandikiza! Tuseme riba ni 3% kwa mwezi: mbolea ya shilingi 500,000 inakuongezea 15,000 mwezi wa kwanza, na hujavuna kitu. Ukilipa kile kiwango cha chini tu, deni linashuka kwa kunyatia.

Na haya pia zingatia:

- Usitoe keshi ATM kwa kadi hii; kwa kawaida riba huanza siku hiyohiyo, na ada juu.
- Namba 3 za nyuma ya kadi na ile inayotumwa kwa SMS usimtajie mtu, hata akijiita wa benki.

Kabla hujasaini, fungua daftari la shamba. Tarehe ya kuuza ikipita tarehe ya kulipa, tafuta mkopo wa msimu.