Kuhamisha Tovuti Bila Kupoteza Ruhusa: Njia Ipi Ina Nafuu?

Faili zote zimefika kwenye seva mpya, lakini ukurasa wa kwanza unatoa kosa la 403 na ukijaribu kupakia picha unakataliwa. Mara nyingi data iko salama. Kilichopotea njiani ni ruhusa na umiliki. Linux hutunza mmiliki wa faili kwa namba. Kwenye Ubuntu, mtumiaji www-data ni namba 33. Kwenye mifumo ya jamii ya Red Hat, apache ni 48. Ukihama kutoka huku kwenda kule, faili inaweza kubaki na 33 ambayo haina mwenyewe.

Kwa hiyo, unapolinganisha njia, usiangalie bei peke yake.

FTP. Haina malipo, ila ukipitishia faili kwenye kompyuta yako, bando linaliwa mara mbili: kushusha na kupandisha. Kila faili inayofika inakuwa mali ya akaunti uliyoingilia. Kwa tovuti ndogo kwenye seva ya kuchangia, hilo halina shida.

scp. Ni bure pia. Ukiweka -p hutunza ruhusa na tarehe, lakini si mmiliki. Mtandao ukikatika, unaanza upya.

tar. Hufungasha kila kitu, mmiliki na ruhusa humohumo, katika faili moja. Gharama yake ni nafasi ya diski. Inafaa unapobeba data kwa diski ya nje ya exFAT, ambayo yenyewe haitunzi umiliki wa Linux. Ifungue ukiwa root.

rsync. Ukitumia -a na ukawa root upande unaopokea, umiliki unabaki. Ukirudia, hutuma yaliyobadilika tu, hivyo bando linapona.

Fundi. Baadhi ya kampuni za seva huwahamisha wateja wapya bure, kwa hiyo uliza kabla hujamlipa mtu. Anayekuambia dawa ni chmod 777, mwache: hapo kila programu iliyomo kwenye seva inaweza kuandika juu ya faili zako, na kusafisha tovuti iliyovamiwa ni ghali kuliko kuihamisha.

Kosa likitokea, anza na ls -ln uone namba za wamiliki, kisha namei -l ikuonyeshe njia nzima. Folda moja tu ya juu iliyofungwa huzuia zote za chini. Rekebisha mmiliki kwa chown kwanza. Kwa kawaida folda hutosha kwa 755 na faili kwa 644. Faili yenye nenosiri la hifadhidata ibane zaidi, 640.

Mwenye root pande zote mbili achague rsync. Anayesafirisha diski, tar. Na usisitishe seva ya zamani siku hiyohiyo. Kulipia zote mbili kwa mwezi mmoja ni nafuu kuliko kugundua upungufu wakati hakuna tena pa kunakili.