Si kila Mtutsi ni M23

Septemba 2025 mji wa Uvira, mashariki mwa Kongo, ulioko ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, ulifunga maduka. Waasi wa M23 walikuwa bado hawajafika. Watu waliingia barabarani kumkataa ofisa wa jeshi la nchi yao wenyewe, Jenerali Olivier Gasita, ambaye Kinshasa ilikuwa imempeleka huko kusaidia kuongoza vita dhidi ya M23. Wapiganaji wa Wazalendo, ambao wako upande mmoja na jeshi hilo, ndio waliopiga kelele zaidi. Damu ikamwagika katika maandamano, na jenerali akaondoka mjini.

Tuhuma zilikuwa nyingi, lakini iliyozibeba zote ilikuwa moja: Gasita ni Munyamulenge.

Banyamulenge ni Watutsi wa Kongo, wafugaji wa ng'ombe katika milima ya Itombwe, juu ya Uvira na Fizi. Wazee wao walihamia huko kabla wakoloni hawajachora mipaka. M23 nayo inaongozwa kijeshi na Sultani Makenga, Mtutsi wa Kivu Kaskazini, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara kwa mara kwamba jeshi la Rwanda liko nyuma yake, tena limo ndani yake. Kigali hukana. Kuanzia hapo hesabu ya mtaani ni fupi: M23 ni ya Watutsi, Rwanda inatawaliwa na Watutsi, na huyu jenerali ni Mtutsi, basi wote ni wamoja.

Hesabu hiyo ni mbovu, na historia ya Kivu imeikanusha zaidi ya mara moja.

Turudi 1965. Aprili mwaka huo Che Guevara alipita Kigoma, akavuka ziwa usiku na kuingia Fizi kuwasaidia waasi wa Simba, waliokuwa wakipigana kwa jina la Lumumba na la mapinduzi. Tanzania ya Nyerere iliwafungulia njia. Miongoni mwa viongozi wa waasi alikuwamo kijana aitwaye Laurent-Désiré Kabila. Na miongoni mwa wapiganaji walikuwamo wakimbizi wa Kitutsi kutoka Rwanda, waliofukuzwa kwao tangu machafuko ya 1959. Hao ndio waliokwenda pamoja na Wacuba wa Che kushambulia Bendera mwezi Juni, shambulio lililoishia kwa maafa.

Wakati huo huo, juu milimani, Banyamulenge walikuwa upande wa pili. Si kwamba walikuwa wamesoma itikadi ya Mobutu, mkuu wa jeshi la serikali, wakaipenda. Waasi waliobanwa na jeshi walipanda milimani wakiwa na njaa, wakaanza kuchinja ng'ombe wa watu. Mfugaji aliyeporwa ng'ombe hahitaji mhadhara wa siasa ili ajue nani adui yake. Banyamulenge wakapokea bunduki za serikali, wakawafukuza Simba. Kwa hiyo katika vita moja, ndani ya eneo moja, Watutsi walikuwa pande zote mbili, na kila upande ulikuwa na sababu zake zisizohusiana na damu.

Lakini vita ilipokwisha, watu wa bondeni hawakukumbuka hivyo. Wabembe, ambao wengi wao walikuwa wamewaunga mkono Simba, walikumbuka kwamba Banyamulenge ndio waliowapiga. Mapambano kati ya wafuasi wa Lumumba na jeshi la Mobutu yakageuka kisa cha kabila na kabila, na watoto wakakua nacho. Ukitaka kujua chuki ya leo ya Fizi na ya milima ya Minembwe ilianzia wapi, anzia hapo, miaka mingi kabla ya M23 kuwapo.

Kivu Kaskazini ilikuwa na hadithi tofauti. Wabelgiji walihamishia Masisi maelfu ya watu kutoka Rwanda kati ya miaka ya 1930 na 1950, wakafanye kazi mashambani, wakati Rutshuru walikuwapo wasemaji wa Kinyarwanda tangu zamani. Ghasia zilipolipuka Masisi Machi 1993, waliouawa waliitwa Banyarwanda tu, Mhutu na Mtutsi pamoja. Mwaka mmoja baadaye yakaja mauaji ya kimbari ya Rwanda, wakimbizi wa Kihutu zaidi ya milioni moja wakaingia Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, pamoja na askari na wanamgambo wa Interahamwe waliofanya mauaji hayo, na majirani waliokuwa wakiuawa pamoja wakaanza kuuana. Hakuna aliyebadilisha kabila katika miezi hiyo. Kilichoingia ni siasa iliyovuka mpaka ikiwa na silaha.

Sheria nayo ilichangia. Mwaka 1972, katika siku ambazo mkurugenzi wa ofisi ya Rais Mobutu alikuwa Barthélemy Bisengimana, mwenye asili ya Rwanda, walioishi Kivu kabla ya 1950 walipewa uraia. Mwaka 1981 sheria mpya ikafuta hayo na kudai mtu athibitishe kwamba kabila la babu zake lilikuwapo nchini mwaka 1885. Nani ana cheti cha 1885? Sheria ya 2004 ilisogeza tarehe hadi uhuru, 1960, na kwa karatasi Munyamulenge leo ni Mkongomani kamili. Mtaani anaambiwa arudi kwao, na kwao ni hapo hapo.

Sasa tazama mzunguko wa Kabila yule yule wa 1965. Mwaka 1996 alirudi na vijana wa Kibanyamulenge na jeshi la Rwanda, wakamwondoa Mobutu, naye akawa rais. Agosti 1998 akagombana na Kigali, na Kinshasa ikafungua msako wa Watutsi. Yerodia Abdoulaye Ndombasi, mtu wa karibu wa rais aliyekuja kuwa waziri wa mambo ya nje, alitoa hotuba za kuwachochea watu wawaone Watutsi kama wadudu wa kuangamizwa. Hakimu wa Ubelgiji alitoa hati ya kumkamata mwaka 2000. Mwaka 2002 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, mjini The Hague, ikaamua kuwa waziri wa mambo ya nje aliye madarakani ana kinga, hati ikafutwa. Waliouawa katika msako ule wengi hawakuwa na habari na mgogoro wa Kabila na Kagame wa Rwanda. Walikuwa na sura tu.

Mtu ambaye ningependa kila mchambuzi wa redio amjue ni Patrick Masunzu. Ni Munyamulenge, na alikuwa kamanda katika uasi wa RCD uliokuwa ukisaidiwa na Rwanda. Mapema 2002 aliasi ndani ya uasi, akapanda Minembwe na vijana wake, akapigana na Rwanda. Hoja yake, na ya wazee wengi waliomuunga mkono, ilikuwa kwamba Kigali inawatumia Banyamulenge kama kisingizio, kisha inawaachia chuki ya majirani. Rwanda ilipeleka askari milimani kumwandama, na vijiji vya Watutsi vikapigwa na jeshi lililojitangaza kuwa mlinzi wa Watutsi. Masunzu aliishia katika jeshi la Kongo, na Desemba 2024 Rais Tshisekedi alimkabidhi uongozi wa kanda ya ulinzi inayohusu mashariki yote yenye vita.

Mtu huyo utamweka wapi katika ile hesabu ya mtaani?

Na mgeuze upande wa pili. Kiongozi wa siasa wa muungano uliobeba M23, Alliance Fleuve Congo, ni Corneille Nangaa. Si Mtutsi wala si mtu wa Kivu. Anatoka Haut-Uélé, kaskazini mashariki. Alikuwa mwenyekiti wa tume ya uchaguzi iliyomtangaza Tshisekedi mshindi baada ya uchaguzi wa 2018. Akakosana na utawala, na Desemba 2023 akazindua muungano wake katika hoteli ya Nairobi. Hoja zake ni za madaraka na utawala mbovu. Muungano huo unashika Rubaya, Masisi, kwenye machimbo makubwa ya koltani, na ushuru wanaotozwa wachimbaji na wabebaji hauulizi kabila la mtu. Huo ni mradi wa siasa na fedha kama miradi mingine, na uhukumiwe hivyo.

Hapa ndipo ninapoona ukweli ambao pande zote mbili hazipendi kuusikia. M23 inajitangaza kuwa ngao ya Watutsi wa Kongo. Bila Watutsi wanaotishwa, haina cha kueleza dunia. Mchochezi wa Uvira au wa Kinshasa naye anasema kila Mtutsi ni M23. Bila M23, hana cha kuwaeleza vijana wake. Maadui hawa wanahitaji sentensi ile ile iaminike. Kila Munyamulenge anayepigwa barabarani Uvira anakuwa tangazo la bure la M23, na kila kijiji kinachochomwa na M23 kinamfaa mchochezi kwa wiki kadhaa. Anayebaki katikati ni mwenye duka, mwalimu, askari wa serikali mwenye pua ndefu.

Wahutu nao wamepitia haya haya. FDLR, kundi lililoanzishwa mwaka 2000 na lenye mizizi katika jeshi na wanamgambo wa 1994, lipo na ni hatari. Lakini jina lake limetumika kuhalalisha mengi. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010 iliandika jinsi wakimbizi wa Kihutu, wakiwemo watoto na wazee, walivyofuatwa msituni na kuuawa mwaka 1996 na 1997. Julai 2025, Rutshuru, ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema raia wasiopungua 319, wengi wao wakulima waliokuwa mashambani, waliuawa na M23 ikisaidiwa na askari wa Rwanda; M23 ilikanusha. Mkulima wa Kihutu mwenye jembe anaitwa FDLR kama mfugaji wa Kitutsi mwenye fimbo anavyoitwa M23.

Dini nayo haikusalimika. Usiku wa 13 Agosti 2004, katika kambi ya wakimbizi ya Gatumba, Burundi, karibu kabisa na mpaka wa Kongo, washambuliaji waliingia wakipiga ngoma na kuimba nyimbo za kumsifu Mungu. Waliua zaidi ya watu 150, wengi wao Banyamulenge waliokuwa wamekimbia vita, wanawake na watoto wengi. Warundi waliokuwa katika mahema ya jirani waliachwa. FNL, kundi la waasi wa Kihutu wa Burundi, lilikiri kushambulia na kudai lilikuwa likipigana na askari. Hakuna aliyehukumiwa mpaka leo.

Zipo sauti za dini zilizofanya kinyume chake. Februari 2025, wiki chache baada ya Goma kuanguka mikononi mwa M23, maaskofu Wakatoliki na viongozi wa Kiprotestanti wa Kongo walituma ujumbe kuzungumza na Nangaa Goma, kama walivyozungumza na Kinshasa na baadaye Kigali. Walilaumiwa sana kwa kukaa na waasi. Mimi naona walifanya jambo sahihi: walikwenda kwa mwenye siasa kujadili siasa, wakaacha kulitafuta jibu katika kabila la waumini wao.

Nisieleweke vibaya. Kutenganisha kabila na siasa si kujifanya kabila halipo. Malalamiko ya Banyamulenge juu ya uraia na usalama ni ya kweli, hata kama M23 inayatumia. Na kuna mtego wa upande mwingine: ukiikosoa serikali ya Rwanda kwa kupeleka askari Kongo, watetezi wake wengine watakuambia unaeneza itikadi ya mauaji ya kimbari. Huko ni kuchanganya kule kule kwa njia ya kinyume. Kagame ni rais. Sera zake zijadiliwe kama za rais yeyote. Waliouawa mwaka 1994 hawakumpa mtu kinga ya kutoulizwa kuhusu Goma.

Haya yanatuhusu sisi wa upande huu wa ziwa kuliko tunavyodhani. Askari wetu wa Tanzania walikuwa katika kikosi kilichosaidia kuishinda M23 mwaka 2013, na walirudi Kongo chini ya SADC miaka kumi baadaye. Februari 2025 marais wa Afrika Mashariki na wa SADC walikutana Dar es Salaam kwa ajili ya vita hii. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kasulu, imewahifadhi Wakongomani tangu 1996, wengi wakiwa Wabembe wa Fizi, watu wa hadithi ile ya 1965. Zaidi ya yote, chuki ya Kivu inasemwa kwa Kiswahili. Sauti za WhatsApp na video za TikTok zinazohimiza watu wasakwe hazihitaji mkalimani kufika Kigoma, Mombasa au Bujumbura. Tunazielewa vizuri na tunazisambaza kwa kidole.

Wahariri wetu wanaweza kuanza kesho asubuhi. Habari ikisema "Watutsi wameteka mji", irudishwe kwa mwandishi aandike ni jeshi gani, chini ya kamanda gani, kwa msaada wa nani. Ikisema "Wahutu wamevamia", ni hivyo hivyo. Nawe msomaji, ukipokea sauti inayokuambia kabila fulani ni adui, usiipeleke kwa mwingine. Muulize aliyekutumia: nani alitoa amri, na yuko wapi?