Si Mvivu, Viungo Vinamuuma

Mama mpendwa, asubuhi za Julai hapa Sumbawanga baridi ni kali. Mwanao akichechemea na kuchelewa shule, usiharakishe kumwita mvivu. Huenda ana baridi yabisi, maana huwapata hata watoto.

Jina lisikudanganye: hailetwi na baridi ya Ufipa. Ni kinga ya mwili inayoshambulia viungo. Asubuhi hukakamaa, mchana hulegea naye akacheza. Ndipo mwalimu hudhani alijisingizia.

Uvimbe usipoisha, mpeleke hospitali. Macho nayo yapimwe, kwani huweza kuharibika bila kuuma. Nyumbani mwamshe mapema, umkande kwa maji ya uvuguvugu. Kisha zungumza na mwalimu: mwenye vidole vinavyouma huandika polepole, hata mtihani asiumalize, lakini akili yake ni nzima.